Umeambiwa upasuaji wa mgongo kwa roboti? Soma hii kabla hujauza kipande cha kihamba (shamba la ukoo)

Naandika hii kwa sababu huku Moshi habari za roboti zimeanza kuzunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp ya familia, mtu ana mzee wake mgongo unamsumbua miaka, kaka aliyeko nje anatuma klipu ya mkono wa chuma unazunguka juu ya mgonjwa, basi ukoo mzima unaamini ukifika India unalazwa, madaktari wanakaa pembeni wanakunywa chai, mashine inakufungua, inatengeneza, inakushona, unaamka mzima. Mimi ni fizio, yaani mtaalamu wa mazoezi ya tiba, hawa watu nakutana nao kabla ya kisu na baada ya kisu, na swali la kwanza wananiuliza ni "roboti bei gani", wakati swali la kwanza lilitakiwa kuwa: huu mgongo wangu unahitaji skrubu au hauhitaji? Maana kwenye mgongo kazi kubwa ya roboti ni kumwonyesha daktari skrubu ipite wapi. Kama kwako hakuna skrubu ya kuwekwa basi mara nyingi roboti haikuhusu, na hela unayotaka kuichangisha ni ya kitu ambacho hukihitaji.

Kwa hiyo tuanzie hapo.

Jua kwanza tatizo lako ni lipi

Mgongo una pingili 33, 7 za shingo, 12 za nyuma ya kifua, 5 za kiuno, halafu zile za chini kabisa ambazo ukubwani zinakuwa zimeshikana. Katikati ya pingili na pingili kuna diski, na nyuma yake kuna njia ambayo mshipa mkuu wa fahamu unapita kutoka kwenye ubongo kushuka mpaka juu ya kiuno, kuanzia hapo kinachoshuka ni vimishipa vingi vinavyokwenda miguuni, kwenye kibofu na sehemu za siri. Kinachofanya watu waogope kisu cha mgongo ni hiyo mishipa, na wana haki ya kuogopa.

Sasa maumivu mengi ya mgongo, hasa ya kiuno, yanatulia yenyewe ndani ya wiki 6 hivi kwa dawa za maumivu, mazoezi na kuendelea kutembea tembea, wala hayahitaji kipimo kikubwa. Yakizidi hapo ndo unaanza kutafutiwa sababu. Diski ikivimba au kupasuka ikabana mshipa unaoshuka mguuni, na mazoezi na dawa vimeshindwa, daktari anaweza kutoa kile kipande kinachobana na basi, hakuna skrubu. Njia ya mshipa ikiwa imebanwa na uzee, mara nyingi anapanua tu nafasi kwa kupunguza mfupa wa nyuma, hapo pia skrubu si lazima. TB ya mgongo, ambayo huku kwetu ipo na watu wanaisahau sana, wengi wanapona kwa dawa za TB peke yake, mpaka pingili ziwe zimeanguka au miguu imelegea ndo mambo ya vyuma yanaingia.

Skrubu zinaingia pale ambapo mgongo umepoteza uimara. Kijana kaanguka na bodaboda pingili imevunjika vibaya, au mtu kadondoka kwenye mparachichi (msimu wa maparachichi wodi zinajua), au pingili moja imeteleza mbele ya mwenzake, au mtoto mgongo umepinda sana upande, au uvimbe umekula mfupa. Hapo daktari anaunganisha pingili mbili au zaidi kwa skrubu na fito za titaniamu, na hapo ndo neno roboti linakuwa na maana.

Kitu kimoja kabla sijasogea. Kama mkojo au choo vimeanza kukutoka bila kujua, au mkojo umegoma kabisa, au umekufa ganzi kwenye makalio na mapajani kwa ndani, au mguu unazidi kulegea siku hadi siku, acha kusoma hii, nenda hospitali leo. Mawenzi, KCMC, Mount Meru, yoyote iliyo karibu. Hiyo ni dharura ya saa, haisubiri viza wala harambee, na hakuna roboti duniani ya kurudisha mshipa uliobanwa muda mrefu ukafa.

Roboti yenyewe ni nini

Watu wanachanganya roboti mbili. Ile wanayoiona sana kwenye klipu, daktari amekaa pembeni ameingiza kichwa kwenye mashine kama anaangalia hadubini na mikono ya chuma inacheza tumboni kwa mgonjwa, hiyo ni da Vinci, iliruhusiwa Marekani mwaka 2000 na kazi zake ni za tumboni, tezi dume, kizazi na vitu laini kama hivyo. Ya mgongo ni nyingine kabisa. Ya kwanza kuruhusiwa Marekani ilikuwa SpineAssist, mwaka 2004, ya kampuni ya Mazor ya Israel, kadude kadogo kanakoenea mkononi, kanafungwa kwenye mifupa ya mgonjwa mwenyewe. Zikaja kubwa zaidi, Mazor X ambayo mkono wake unafungwa kwenye kitanda cha upasuaji, ROSA iliyoanzia Ufaransa, ExcelsiusGPS ya Globus iliyoruhusiwa 2017, na Wachina wana ya kwao inaitwa TiRobot. Mwaka 2018 Medtronic wakainunua Mazor kwa zaidi ya dola bilioni 1.6, kwa hiyo ukiona matangazo yamekuwa mengi ujue kuna hela nyingi inatakiwa irudi.

Hizi zote zinafanana kwa jambo moja, hazikati zenyewe. Mkono wa roboti unasogea unasimama mahali palipopangwa, unajifunga hautikisiki, mwisho wake una bomba, na daktari anapitisha drili na skrubu ndani ya hilo bomba kwa mkono wake. Umewahi kumwona fundi seremala anafunga kibao chenye tundu juu ya mbao ili keekee isiende upande? Ndo hivyohivyo. Kibao hakitoboi, na fundi mbovu ukimpa kibao bado ni fundi mbovu.

Kwa nini ihitajike hiyo yote, kwa sababu ya kishingo. Kila pingili ina mwili mnene mbele na matao nyuma, na vinavyounganisha ni vishingo viwili vya mfupa, kulia na kushoto, skrubu inatakiwa ipenye katikati ya kishingo bila kutoboa pembeni. Kiunoni kishingo ni kipana, hasa kwenye pingili za chini, milimita 10 na zaidi, skrubu yenyewe ina unene wa milimita 6 au 7 na urefu wa 40 mpaka 50, hapo bingwa mzoefu anaweka kwa mkono bila wasiwasi. Panda juu katikati ya mabega, kishingo kinaweza kuwa milimita 4 au 5 tu, na ukikosea kwa ndani uko kwenye mshipa mkuu, ukikosea kwa mbele kuna mishipa mikubwa ya damu. Mgongo uliopinda ndo balaa, kila pingili imegeukia upande wake. Kwa hiyo faida ya roboti haiko sawa kwa kila mtu, ya kiuno cha kawaida ni ndogo, ya mgongo uliopinda au uliowahi kufanyiwa upasuaji hadi alama za mifupa zimepotea ni kubwa zaidi.

Siku yenyewe inavyokwenda

Hii naieleza kirefu kwa sababu ukiijua hutadanganywa kirahisi.

Kunaanza na siti skani. Inaweza kupigwa siku kadhaa kabla, au ndani ya thieta ukiwa umeshalala. Picha zinaingia kwenye kompyuta, daktari anakaa nazo anapanga kila skrubu moja moja, inaingilia wapi, inaelekea wapi, nene kiasi gani, ndefu kiasi gani. Hapa ndo akili ya operesheni ilipo, na ni akili ya mtu. Ukiunganisha pingili mbili unapanga skrubu nne, mbili kila pingili, na fito mbili za kuzishika.

Unapewa dawa ya usingizi mzito, unageuzwa kifudifudi, unawekewa mpira wa mkojo, na sehemu nyingi wanakuchomeka viwaya vidogo miguuni na kichwani vya kupima kama mishipa ya fahamu inaendelea kupeleka taarifa wakati wote wa kazi. Halafu wanapigilia pini kwenye mfupa wako, mara nyingi wa nyonga kwa nyuma au kwenye ile miiba ya pingili, na juu ya pini wanafunga alama zinazoonekana na kamera ya infraredi, au wanaufunga mwili wako na mkono wa roboti kuwa kitu kimoja. Usishtuke baadaye ukikuta kakidonda kadogo nyongani ambako hukutarajia, ni hiyo pini.

Kinachofuata ni kulinganisha. Mashine ina picha zako lakini haijui mwili wako umelala vipi pale kitandani, kwa hiyo wanapiga eksirei mbili za pembe tofauti, au siti skani ya hapohapo, kompyuta inafananisha pingili moja moja mpaka ramani na mwili vinakaa pamoja. Wakikosea hapa kila kitu kinachofuata kimekosewa, tena kwa kujiamini, ndo maana daktari makini anagusa kwanza na kifaa mahali anapopajua kwenye mfupa kisha anatazama skrini kama inakubaliana naye.

Baada ya hapo mkono unaitwa kwenye skrubu ya kwanza, unasimama, daktari anachana ngozi kidogo, anashusha bomba mpaka kwenye mfupa, anatoboa, anaingiza skrubu, mkono unakwenda ya pili. Zikiisha anapitisha fito, anakaza, anapiga picha ya kuhakikisha kabla ya kufunga. Na kama lengo ni kuunganisha anaweka vipande vya mfupa, mara nyingi vya kwako mwenyewe, ili pingili ziote pamoja. Hili la mfupa watu hawalielewi kabisa. Skrubu ni za kushikilia tu wakati mfupa unaota, na mfupa unachukua miezi kushikana, mara nyingi nusu mwaka hadi mwaka. Mfupa usipoota skrubu italegea au itakatika hata kama roboti iliiweka pazuri kiasi gani.

Na kama mshipa wako ulibanwa, kuufungua ule mshipa ni kazi ya mikono ya daktari na vifaa vyake, roboti imekaa pembeni inasubiri. Kwa hiyo kinachokutoa maumivu ya mguu mara nyingi si ile sehemu ya roboti, ingawa kwenye bili ndo inaandikwa kwa herufi kubwa.

Inakosea wapi

Inakosea, tena kwa njia zinazoeleweka. Drili ikigusa mfupa ulioinama inateleza kabla haijauma, tundu linaanzia pembeni. Misuli minene inasukuma bomba. Mtu akiegemea ile pini ikasogea hata kidogo, ramani imehama na mashine haina habari. Mifupa laini ya wazee skrubu inaweza kukaa pazuri halafu isishike.

Kuna utafiti wa Ujerumani uliotoka 2012, wagonjwa 60, nusu roboti ya zamani ile SpineAssist nusu mkono mtupu, na waliofanyiwa kwa mkono ndo walitoka vizuri zaidi, skrubu zilizokaa pazuri zilikuwa asilimia 93 kwa mkono na 85 kwa roboti, na kuteleza kulikuwa ndo sababu waliyoitaja. Wachina nao 2019 wakatoa wa kwao wa TiRobot, wagonjwa 234, ikawa kinyume, skrubu zilizokaa ndani ya mfupa kabisa asilimia 95.3 kwa roboti na 86.1 kwa kuongozwa na eksirei. Mashine zimeboreshwa katikati hapo, ni kweli, na mimi nakubali kwamba za sasa zinalenga vizuri. Ila soma vizuri kinachopimwa, ni skrubu imekaa wapi. Skrubu iliyotoka nje ya kishingo kwa chini ya milimita 2 inahesabiwa bado inakubalika na mara nyingi mgonjwa hajui hata kama ipo. Ukija kwenye maumivu na uwezo wa kufanya kazi baada ya mwaka, tofauti kati ya roboti na bingwa mzuri wa mkono haionekani waziwazi, na hicho ndo wewe unachokitafuta, hukuenda pale kupendezesha picha.

Kupunguza mionzi nako wanakusifia sana, sawa, lakini anayenufaika zaidi ni daktari na manesi wanaokaa na eksirei kila siku. Wewe unayefanyiwa mara moja unaweza hata kupata mingi zaidi kwa sababu ya siti skani. Si ya kukutisha, ila usiuziwe kama faida yako.

Maswali ya kwenda nayo kwa daktari

Andika kwenye karatasi, au mpe mtoto anayekusindikiza aulize yeye, maana wazee wetu wakifika mbele ya daktari wanaitikia ndiyo dokta ndiyo dokta halafu wanakuja kuniuliza mimi huku nje.

La kwanza, kwa nini mimi nahitaji skrubu, na nisipowekwa itakuwaje? Jibu liwe limefungamana na picha zako, akuonyeshe pale pale, hii imeteleza, hii imevunjika. Akikwambia tu "mgongo umechoka" tafuta maoni ya pili. Kwa sisi wa kaskazini maoni ya pili si lazima upande ndege, KCMC ni hospitali ya kanda na ukipitia rufaa kutoka mkoani unafika kwa mabingwa, na ikibidi MOI (taasisi ya mifupa) pale Muhimbili, ambako skrubu za mgongo wanaweka siku nyingi kwa mikono na eksirei na watu wanatembea. Hilo nalisema kwa sababu kuna mtu anaona akifanyiwa Dar bila roboti amefanyiwa cha pili kwa ubora. Hapana. Bingwa anayefanya hiyo kazi kila wiki kwa mkono, mimi ningemchagua yeye kuliko mwenye roboti mpya aliyoanza kuitumia juzi.

Ndo maana swali la pili ni hilo, umefanya ngapi za aina yangu, na ngapi kwa mashine hii? Wanaoanza wanachukua muda mrefu zaidi thieta na muda mrefu ni damu zaidi na usingizi zaidi. Daktari mzuri hakasiriki akiulizwa, atakayekasirika amekujibu tayari.

La tatu, mashine ikigoma katikati utafanyaje? Jibu sahihi ni rahisi, naendelea kwa eksirei na mikono yangu. Umeme unakatika, programu inaganda, alama zinasogea, na daktari asiyeweza kumalizia bila mashine usimpe mgongo.

La nne, utapiga picha kabla ya kunifunga? Skrubu iliyokaa vibaya kurekebishwa hapohapo ni jambo dogo, kurudi thieta wiki ya pili ni jambo jingine.

Halafu hela. Hapa mimi huwa nakuwa mkali kidogo kwa sababu nimeona bei ya kwenye WhatsApp na bili ya mwisho zikiwa ndugu wa mbali. Uliza kwa maandishi kama bei ina skrubu na fito (na ni ngapi, maana skrubu ikiongezeka bili inaongezeka), vifaa vya roboti vinavyotumika mara moja na kutupwa, siti skani, siku za wodini, ICU ikihitajika, na ikitokea narudishwa thieta nani analipa. Bima uliza wao wenyewe kabla ya siku, NHIF au nyingine yoyote, usichukue neno la mtu wa mapokezi. Dalali wa kupeleka wagonjwa nje anayekupa bei moja ya jumla kwa simu na kukuharakisha ulipe leo, mwache. Kipande cha kihamba hakirudi, na mgongo mwingi unasubiri wiki mbili za kuuliza vizuri isipokuwa zile dalili za dharura nilizosema juu.

Kujiandaa ukishaamua

Sigara acha, na ugoro na tumbaku nyingine pia, wiki kadhaa kabla na miezi baada, nikotini inazuia mfupa kuota na hakuna cha kujadili hapo. Sukari ishushwe iwe kwenye mstari kabla ya siku, kidonda cha mgongo kwa mwenye sukari ya juu kinaoza kirahisi. Taja dawa zote unazomeza, hasa za kuyeyusha damu, aspirini, diklofenaki, na zile za miti shamba unazochemsha nyumbani ambazo unaona aibu kuzitaja, zitaje, nyingine zinagusa damu na usingizi. Usiache dawa ya moyo au presha kwa uamuzi wako, uliza ipi inasimama na lini. Meno mabovu na UTI vitibiwe kwanza. Saa za kufunga chakula utapewa, mara nyingi chakula kigumu saa 6 mpaka 8 kabla, na kunywa mtori (supu ya ndizi) kidogo tu ni kula, usimdanganye mtu wa usingizi.

Anza mazoezi kabla. Jifunze kugeuka kitandani kama gogo, mabega na nyonga vikienda pamoja, unalala ubavu, unashusha miguu, unajisukuma kwa mikono kukaa. Ukijifunza ukiwa huna kidonda utashukuru.

Na nyumbani panga sasa, wala si siku ya kutoka. Choo cha kuchuchumaa kwa mtu aliyefungwa skrubu kiunoni ni mtihani mkubwa wiki za mwanzo, tafuta kiti cha choo cha plastiki au fundi akutengenezee cha mbao chenye tundu, bei yake ni ndogo. Kitanda kiwe cha kimo cha kawaida, godoro la chini uliache. Kama nyumba iko mteremkoni huko Kibosho au Old Moshi na njia ya kushuka ni ya matope, omba ukae kwa ndugu wa mjini wiki za kwanza, ndugu wa mjini wapo kwa kazi hizo.

Ukirudi

Wengi wanasimamishwa siku hiyohiyo au ya pili yake, na hapo familia inapiga kelele "mbona mapema, mwacheni apumzike". Tembea. Kulala siku nzima kunaleta damu kuganda miguuni na kifua kujaa. Kama umetoka nje ya nchi kwa ndege omba kiti cha magurudumu uwanjani, chagua kiti cha pembeni ya njia, simama tembea kila baada ya saa moja au mbili, na muulize daktari kama unahitaji dawa ya kuzuia damu kuganda. Ukitua KIA panda gari dogo la kawaida, kiti cha mbele kilicholazwa nyuma kidogo. Bodaboda hapana. Hata ile ya jirani yenu anayeendesha polepole.

Dawa kali za maumivu zinafunga choo, na kujikamua ukiwa na kidonda cha mgongo utaona nyota, kwa hiyo maji, papai, mboga, na mtori wa mama upo ruksa sasa.

Wiki 6 za mwanzo kwa kawaida hakuna kuinama, hakuna kujipinda, hakuna kubeba kizito, ila fuata alichoandika daktari wako maana anajua mifupa yako ikoje. Tafsiri ya hiyo kwa maisha ya huku ni hivi: ndoo ya maji hapana, kichwani ndo hapana kabisa. Kukata majani ya ng'ombe hapana, na si ule mzigo tu, hata kuinama na mundu kwenyewe. Kufua kwa kuinamia beseni hapana, weka beseni juu ya meza. Jembe sahau mpaka picha ya baadaye ionyeshe mfupa umeanza kushikana. Kina mama ndo wananishinda hapa, maumivu yakishapungua tu wiki ya tatu nakuta mtu ameshashuka shambani, anasema "lakini sisikii kitu", kutosikia kitu ni kwa sababu skrubu zimebeba, mfupa bado.

Fizio aanze mapema na aendelee, kutembea kwanza, kisha kukaza misuli ya tumbo na mgongo taratibu. Kama ulifanyiwa mbali tafuta wa hapa atakayekupokea kabla hujaondoka, maana daktari wa Chennai huko India hawezi kukuona kidonda kwenye simu.

Rudi hospitali haraka ukiona homa, usaha, kidonda kinatoa maji meupe mengi kama maji ya kawaida (hasa pamoja na kichwa kuuma ukisimama), mguu mmoja umevimba na unauma kwenye misuli ya nyuma, kifua kinabana au pumzi inakata, mguu umelegea upya, au mkojo na choo vimebadilika.

Na usiondoke hospitali yoyote, ya hapa au ya nje, bila karatasi. Ripoti ya upasuaji iliyoandika pingili zipi zimefungwa, kadi au stika za skrubu zenye kampuni na saizi, na picha zote kwenye sidii au flashi, za kabla na za baada. Miaka ijayo ukihitaji MRI titaniamu kwa kawaida haizuii ila picha inachafuka karibu na chuma, na mtu wa mashine atataka kujua ni chuma gani. Ukihitaji kutolewa au kubadilishwa skrubu daktari wa hapa atahitaji kujua bisibisi ya kampuni gani inaingia kwenye kichwa chake, maana haziingiliani zote. Piga picha hizo karatasi kwa simu, tuma kwa mtoto mmoja mwenye kumbukumbu, zile zenyewe weka kwenye bahasha moja na vyeti vya ubatizo na hati ya shamba, ambako hakuna mtu atazitumia kufungia maandazi.